Salamu Iliyobaki Mlangoni

Kiberiti alipewa Fundi mwenyewe awashe. Watu wakisimulia habari ile hupenda kusema daftari la Fundi lilichomwa, kana kwamba moto ulishuka wenyewe kutoka juu. Haukushuka. Mwanangwa Shigela, mkubwa wa eneo na mwamuzi wetu, alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja. Karani Lutonja alisimama ubavuni kwake na kalamu juu ya sikio. Uwanja wa baraza ulijaa watu waliokuja kwa kesi zao za ng'ombe wakakuta tamasha. Fundi akapiga magoti kwenye vumbi. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikazimwa na upepo. Lutonja akainama, akamkingia upepo kwa kofia yake, vizuri kabisa, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuwasha sigara. Ya tatu ikashika.

Fundi akasema asante kwa Kijapani, akainamisha kichwa. Hata hapo hakuweza kujizuia.

Nilikuwepo. Sinia la vitumbua lilikuwa kichwani na mdomo wangu umefungwa, na chanzo cha kesi ile kilikuwa mimi. Nitafika huko. Kwanza nataka mumjue mtu mwenyewe, maana ukimwona pale kwenye vumbi tu utamwonea huruma, na Fundi hakuwa mtu wa kuonewa huruma. Alikuwa mtu wa kuchekwa. Tulimcheka miaka mingi, naye alitucheka, tukaishi.

Alikuwa fundi cherehani pale Shinyanga mjini, chumba kimoja karibu na njia ya stesheni, na mimi nilikaanga vitumbua kwenye kibaraza chake tangu aliporudi vitani mpaka siku ile. Jina analo, lakini mji ulilipoteza zamani. Ukisema Fundi Mjapani, hata punda wa kuchota maji walijua pa kwenda.

Alikuwa mrefu kama nguzo ya simu, na mtu mrefu akishika adabu ya kuinama, wenzake lazima wakae mbali. Mteja akiingia, Fundi anakunja kiuno mpaka futi ya kupimia inayoning'inia shingoni inagusa sakafu. Wawili watatu walipigwa kichwa. Akishanyooka, anasema kwa Kiswahili, "Suruali yako haijawa tayari, na ukiniuliza tena haitakuwa tayari na kesho." Ndivyo alivyokuwa. Heshima yake yote ilikuwa ya Kijapani. Kiswahili alikiachia ukali. Mama mmoja aliyechoka kusubiri gauni la harusi ya mwanawe alimwambia, "Fundi, leo nikaripie kwa Kijapani, nipumzike."

Viatu ulivua mlangoni. Mchungaji aliyetoka porini na katambuga zake za tairi alivua, bwana wa bomani alivua. Salumu, muuza kahawa, aliyekuwa akishinda ndani na birika lake, alimwambia, "Umekuwa Mwislamu sasa, Fundi. Bado kutawadha tu."

"Nikitawadha nani atashona? Wewe?"

Na vijiti. Alichonga vijiti viwili vya kulia chakula, akavisugua kwa mafuta yangu ya vitumbua, akatangaza kwamba mtu mstaarabu hashiki chakula kwa vidole. Ugali ukamshinda siku ya kwanza. Wali ulikuwa chakula cha sikukuu. Basi akaamua kwamba chakula cha vijiti kwa Msukuma ni michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikaanikwa, kwa kuwa mchembe unashikika. Kila adhuhuri alikaa juu ya magoti yake, akidaka mchembe mmoja mmoja kama ndege anayedonoa, na miguu ikifa ganzi. Akiitwa na mteja anashindwa kuinuka. Tulimvuta, mimi mkono huu, Salumu mkono ule, naye bado anatafuna.

Tulimuuliza mara nyingi imekuwaje. Mtu wa kijijini Samuye, mwana wa wafugaji na wakulima, Ujapani umemwingiaje? Alipenda kusimulia, ila ilibidi umwache apitishe uzi kwenye sindano kwanza.

Vita vilipokwisha huko Bama, yaani Burma, askari wetu walikaa miezi wakisubiri meli, naye akapangiwa kulinda mateka wa Kijapani. Mmoja alikuwa na mkanda wa kitambaa cheupe kiunoni, umeshonwa vifundo vyekundu safu kwa safu. Fundi akautazama kwa jicho la kazi. Akaona vifundo vingine vimekazwa, vingine vimelegea, vingine vimekwenda upande. Akamwambia mateka kwa ishara, aliyekushonea hii afukuzwe. Yule mateka zamani alikuwa mwalimu wa shule. Alichukua siku nzima kumweleza kwa vidole na kwa kuchora chini: hakuwa fundi mmoja. Mama yake alisimama barabarani na kile kitambaa, na kila mwanamke aliyepita akafunga kifundo kimoja, wanawake elfu, ili mwana arudi nyumbani.

Fundi alikuwa akituambia, "Mimi nikiondoka Samuye, mama alinifungia michembe." Kisha anaongeza, tusije tukadhani amelainika, "Na niliimaliza kabla gari moshi halijafika Tabora."

Kesho yake akamwomba yule mwalimu neno la uzi. Ito. Halafu sindano. Hari. Kwa hari ile ya Bama, alisema, neno halikuhitaji kuandikwa, lakini aliliandika. Alikuwa na daftari la jalada gumu, na siku ya kupanda meli nusu yake ilikuwa imejaa. Nusu ya pili aliijaza hapa Shinyanga, kwa kitabu cha darasa la kwanza alichoachiwa na mwalimu wake, na kwa karatasi zilizobandikwa kwenye majora ya nguo za Japani. Bahili wa uzi yule, alikuwa anaokota vipande sakafuni, lakini kwa karatasi na wino alikuwa tajiri.

Salumu aliwahi kumchokonoa. "Si ndio hao waliotaka kukuua?"

"Aliyetaka kuniua hatukuongea. Niliyeongea naye hakutaka kuniua. Sasa unataka nimkasirikie yupi?"

Lakini mimi nadhani nilijua sababu ya kweli, na ilikuwa kwenye ulimi. Sisi Wasukuma herufi ya ra hutushinda. Balua, lafiki, biashala. Salumu babu yake alikuja na misafara kutoka Pwani, na kwa hilo alijiona amezaliwa na Kiswahili kinywani. Fundi akisema kesho kuna kula kwenye chama cha pamba, Salumu anauliza, "Kula nini, wali au ugali?" Na huko jeshini, sajenti alimfanya arudie neno moja mbele ya kikosi mpaka wenzake wakalia kwa kucheka.

"Hao Wajapani," alituambia siku moja, kichwa kimeinamia cherehani, "hawana la. Mimi sina ra. Yule mwalimu akisema ra, mimi nasikia la, na nikisema la, yeye anasikia ra. Hatukukosana hata siku moja."

"Kwa hiyo," Salumu akasema, "nchi nzima ile hakuna mtu wa kukucheka."

"Ndiyo sababu najifunza."

Jumamosi jioni alitufundisha. Darasa lilikuwa la watu wawili, mimi na Salumu. Hatukuwa na haja ya Kijapani. Nani ana haja? Watu wanacheza bao, hawaulizwi bao litawapeleka wapi. Sisi tulicheza maneno. Tuligundua kwamba mimi, kwa Kijapani, ni sikio.

"Kwa hiyo mtu anayesema mimi, mimi, mimi," Salumu akauliza, "kama Karani Lutonja?"

"Ana masikio matatu na hasikii."

Nani kwao ni nini. Saba ni samaki. Na mvua ni ame. Hilo la mvua lilikuwa mwaka wa ukame, ng'ombe wanakufa njiani.

"Ame nini?" nikauliza.

"Ame. Basi."

"Amekuja?"

"Bado."

Tulicheka siku ile na njaa zetu.

Alikuwa na msemo: neno ni kifungo, kikikosa tundu lake ni urembo tu. Kwa hiyo hakutaka tujue neno bila kulitumia. Na neno alilolitumia kuliko yote lilikuwa la mlangoni. Kule kwao, alisema, mtu akirudi kwake hapigi hodi. Nyumba ni yako, hodi ya nini? Anasimama mlangoni anasema tadaima, ndiyo sasa nimerudi. Na aliye ndani anamjibu neno lake, maana yake umerudi salama. Usipojibiwa bado hujafika.

Basi Fundi akitoka chooni, tadaima. Akitoka stesheni kusoma maandishi ya marobota, tadaima. Anavua viatu, anasimama, anangoja, na mtu mrefu akingoja mlangoni chumba kizima kinakuwa giza. Salumu alikuwa ndani na birika lake, yeye ndiye alimjibu. Mimi nilikuwa nje, mafuta yanachemka, vitumbua vinapiga kelele, jibu halikunifikia vizuri hata siku moja. Nilijua limo kwenye daftari, ukurasa wa salamu. Kitu kilichoandikwa, nilidhani, hakina haraka.

Mara moja tu alinieleza kwa nini analishikilia neno lile. Alikuwa anakata uzi kwa meno. "Niliporudi kutoka Bama nilikwenda moja kwa moja Samuye. Nikasimama mlangoni, nikalisema. Nilikuwa nimelibeba njia nzima. Mama walikuwa wameshamzika." Akatema kipande cha uzi. "Na hata angekuwepo asingejua jibu, masikini. Angenifukuza na mwiko."

Sasa nije kwangu mimi.

Sikusoma. Tangu nijifungue pacha nilikuwa Mama Kulwa, na jina langu la Kabula lilibaki kwa mama yangu, naye akafa nalo. Kabula ni mtoto wa mvua. Nilizaliwa maji yanaingia ndani. Nilimwambia Fundi habari hiyo, akachukua chaki ya kuchorea nguo, akaniandikia kwenye kipande cha kaniki. Alama tatu. Ya kwanza kama mpini uliolichoma jembe. Ya pili kama mundu uliodondokewa na matone mawili. Ya tatu kama mtu aliyeinama, na ubao juu ya kichwa.

"Kwa Kijapani utakuwa Kabura," akasema. "Utawasamehe, la hawana."

Nililiandika jina lile kwenye vumbi, kwenye majivu, kwenye unga wa mchele. Herufi za kwanza nilizojua kuandika maishani ni zile tatu. Hizi ninazoandikia sasa ni za ngumbaru, darasa la watu wazima, nilizipata baadaye.

Mwaka ule wauza chakula wote tuliambiwa tukachukue leseni kwa Karani Lutonja. Lutonja ndiye aliyetuandikia barua na kutusomea. Alijua mke gani amekimbia, mwana gani anaumwa, nani anatafuta kazi ya dhahabu Geita. Alisoma barua za watu polepole, akisimama palipo patamu ili umbembeleze. Nikafika mbele, akanisogezea kidau cha wino bila kunitazama.

"Dole gumba, Mama Kulwa."

"Naandika."

Akaniangalia. Nikachukua kalamu, nikaweka jembe langu, mundu wangu, na mtu wangu mwenye ubao.

"Nini hii?"

"Jina langu."

"Jina gani linaandikwa hivi?"

"Kabula. Soma."

Hilo neno soma ndilo kosa langu. Nililisema mbele ya mstari wa watu, na mstari ukacheka. Kwa mara ya kwanza Lutonja aliwekewa maandishi mbele yake akawa kama sisi. Niliona uso wake. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilirudi kibarazani ninacheza.

Hakuuliza zaidi. Alikwenda kwa Mwanangwa Shigela akasema Fundi anafundisha watu maandishi ya siri. Miaka ile watu watano wakikaa pamoja chini ya paa moja, wakubwa waliota ndoto mbaya. Siku ya tatu Fundi akaitwa barazani na daftari lake.

Alikwenda kwa furaha. Mjinga yule, alidhani wanataka kujifunza. Alivaa koti lake la vitani, akalifunga daftari kwenye kitambaa kwa namna ya Kijapani, pembe kwa pembe, bila kamba.

Lutonja akalifungua katikati, akaweka kidole popote. "Soma hapa. Kwa sauti, na maana yake, Mwanangwa asikie."

Fundi akatazama, akakohoa. Ulikuwa ukurasa wa wanyama.

Kuna mnyama mmoja mkubwa wa milima ya Japani, ana manyoya, anapenda asali, kwa Kiswahili anaitwa dubu. Jina lake la Kijapani sitaliandika, nina wakwe. Ni neno ambalo kwa Kiswahili hata mlevi akilisema hutazama pembeni kwanza. Fundi akitufundisha ukurasa ule alikuwa akifika hapo anakohoa anaruka.

"Inu, mbwa," akasoma. "Ushi, ng'ombe. Saru, nyani." Akakohoa. "Bwana Karani, naomba niruke mmoja."

"Umeona, Mwanangwa? Anaficha."

"Sifichi. Ni mnyama tu."

"Basi mtaje."

"Mbele ya akina mama, Bwana Karani, sipendi."

"Mtaje," Mwanangwa akasema.

Amri ni amri, na yule alikuwa askari. Akasimama wima, mikono mapajani, akamtaja mnyama kwa sauti ya paredi. Mke wa Mwanangwa alijifunika kanga mpaka kichwani. Wazee wa kesi za ng'ombe walicheka mpaka mmoja akaanguka na benchi. Fundi alikuwa bado anaeleza, kwa utulivu, kwamba ana manyoya na anapanda miti, na kila alivyoeleza mambo yalizidi kuharibika.

Mwanangwa Shigela hakucheka. "Umetukana nyumba yangu mbele yangu." Hukumu ikatoka hapo hapo: daftari lichomwe, duka lifungwe, arudi kwao Samuye.

Lutonja akageukia watu. "Na kama yuko mwingine anayejua lugha hii, ajitokeze." Macho yake yakaja kwangu, yakatua. Alikuwa hajanipa leseni. Nilikuwa na pacha nyumbani. Nikashika sinia langu kwa mikono miwili.

"Mimi," Salumu akasema kutoka nyuma.

Na Fundi, hapo alipokuwa, mbele ya daftari lake, akasema kwa mazoea, "Sikio."

Watu wakacheka tena bila kujua wanachekea nini. Kisha ndiyo kiberiti.

Leseni nilipewa. Kwa dole gumba. Salumu alinyimwa yake ya kahawa, akaenda Geita kutafuta dhahabu kwenye mashimo ya porini, mtu aliyezoea kubeba birika. Kifusi kilimfunika kabla ya mavuno. Habari aliileta utingo wa lori, alisimama kula vitumbua vyangu na kunieleza huku anatafuna. Lutonja hakukisukuma kifusi kile. Njia ya kwenda chini yake ndiyo aliyomfungulia.

Msimu wa pamba uliopita nilikwenda Samuye. Ilikuwa alasiri. Mkwewe Fundi akanikaribisha ndani, akaniwekea michembe, akasema mzee yuko na ng'ombe. Nikakaa. Nikasikia fimbo nje, nikaona mlango unaingia giza. Amepinda kidogo, macho yamepata ukungu, lakini mlango bado anaujaza. Akavua katambuga. Akashika mwimo.

"Tadaima," akasema, na akangoja.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Silo hilo."

"Karibu."

"Karibu ni ya mgeni. Hapa ni kwangu."

"Mwangaluka."

"Mama Kulwa, hiyo ni ya asubuhi. Hata Kisukuma umesahau?"

Tukacheka. Lakini hakuingia. Nikamwambia, "Si unalijua wewe? Litaje, nami nilifuate."

Akatikisa kichwa taratibu. "La mlangoni nalisema kila siku, halijanitoka. La ndani sikuwahi kulisema mimi. Nilikuwa napokea tu. Nikisikia nitalijua. Niliposikia sauti yako nikasema afadhali, Mama Kulwa atakuwa nalo."

"Salumu ndiye alikuwa nalo."

"Ah. Salumu." Akafikiri. "Basi mimi nimebaki na salamu. Jibu liliungua."

Alisimama pale muda mrefu, mkono kwenye mwimo, kichwa ameinamisha upande kama mtu anayesikiliza chumba cha pili. Mwishowe akasema, "Haya, naingia kama mwizi," akaingia, akakaa juu ya magoti yake mabovu, akatoa vijiti mfukoni. Kumwinua tulihitaji watu watatu.

Shigela, wewe ulitoa hukumu juu ya neno usilolijua, na sasa umezeeka na mbuzi zako unasema ilikuwa sheria. Mimi Kabula nilishika sinia. Langu nimeliandika hapa kwa mkono wangu, kila mtu asome. Lakini wewe, Lutonja, una duka Katoro, watu wanakupa shikamoo. Wewe ulijua kusoma, na wewe ndiye uliyekinga upepo. Nguo za Japani zinashuka stesheni tena, na wenye maduka wanaandikiana na watu wa huko. Kalamu unayo. Andika, uliza, ulipate lile neno. Ulichukue mwenyewe mpaka Samuye, uvue viatu, ukae ndani, usubiri ng'ombe warudi. Mzee atasimama mlangoni na atasema lake. Ujibu wewe.